JINSI GESI ILIYO CHINI YA ARDHI INAVYOKADIRIWA

Mkulima akitaka kujua ana magunia mangapi ya mahindi, hufungua ghala akayahesabu. Mwenye duka hutazama rafu zake na kuandika kila kitu daftarini. Lakini iko mali ambayo hakuna awezaye kuiona wala kuishika kabla haijatolewa, nayo hapana budi ihesabiwe kwanza. Mali hiyo ni gesi ya asili, ambayo mara nyingi hupatikana ndani ya miamba kilomita mbili, tatu au zaidi chini ya ardhi. Gesi hiyo hutumiwa kupikia, kuendesha mitambo ya umeme na viwanda, na kutengenezea mbolea.

Hesabu hiyo si mchezo wa wataalamu tu. Nchi ikitaka kujenga bomba la mamia ya kilomita, au kuahidi kuwauzia majirani zake gesi kwa miaka ishirini, ni lazima ijue kama gesi iliyopo itadumu. Kadirio likizidi kweli, bomba litabaki tupu na deni la ujenzi litabaki palepale. Kadirio likipungua mno, mali itaachwa ardhini au itauzwa kwa bei ya kutupa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Somo hili laeleza jinsi daftari la mali isiyoonekana linavyoandikwa, na kwa nini kila tarakimu iliyomo yapasa kusomwa kwa uangalifu. Mfano mkuu umechukuliwa Uholanzi, kwa sababu huko hesabu ilianza mwaka 1959 na kitabu chake kimekwisha kufungwa.

KISIMA CHA SLOCHTEREN

Mwezi wa Julai 1959, mafundi waliokuwa wakitafuta mafuta na gesi walichimba kisima katika shamba karibu na kijiji cha Slochteren, jimbo la Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Walipofika karibu kilomita tatu chini ya ardhi, walikuta gesi katika mwamba wa mchanga. Hakuna aliyejua siku ile kwamba keekee yao ilikuwa imegusa mojawapo ya hazina kubwa kabisa za gesi duniani.

Mwaka 1960 kiasi kilichotajwa na wakubwa kilikuwa mita za ujazo bilioni 60 (bilioni moja ni milioni elfu moja). Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo Victor Leemans, mjumbe wa Ubelgiji katika Bunge la Ulaya, alitaja bilioni 300, na watu wengi wakastaajabu. Mwaka 1962 serikali ya Uholanzi ilitumia kadirio la bilioni 150. Mwaka 1963 kadirio lilipanda likapita bilioni 1,000. Baada ya miaka mingi ya kuchimba na kupima, ilijulikana kwamba gesi iliyoweza kutolewa ilikuwa karibu bilioni 2,800.

Gesi yenyewe haikuongezeka hata kidogo katika miaka hiyo. Ilikuwa imetulia mahali pake tangu zama za kale. Kilichoongezeka ni maarifa ya watu. Ili kufahamu jinsi tarakimu ya 60 ilivyoweza kuwa 2,800, yapasa kwanza kujua gesi hukaa wapi.

NDANI YA MWAMBA

Watu wengi wakisikia habari za gesi ya ardhini hudhani kwamba liko pango kubwa lililojaa gesi, kama tangi. Sivyo. Gesi hukaa katika vitundu vidogo vidogo vya mwamba, ambavyo vingi havionekani kwa macho.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili kwa jaribio dogo. Na achukue ndoo ya lita 20, aijaze mchanga mkavu mpaka ukingoni, kisha amimine maji polepole kwa kikombe huku akihesabu. Ndoo iliyoonekana kwamba imejaa itapokea lita sita au saba za maji kabla ya kufurika. Maji hayo yameingia katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga.

Mwamba wa mchanga ni mchanga wa namna hiyo, uliofukiwa, ukakandamizwa na kugandishwa kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo nafasi zake zimepungua. Katika miamba mizuri ya gesi, nafasi hizo huwa kama 10 mpaka 25 kwa mia ya mwamba wote. Mwamba wa Groningen uliwekwa na upepo na mito katika jangwa la kale, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na nafasi zake ni kama 15 mpaka 20 kwa mia.

Lakini vitundu peke yake havitoshi. Ni lazima vitundu hivyo viwe na njia kati yao, ili gesi iweze kupita mpaka kisimani. Tena ni lazima juu ya mwamba kuwe na kifuniko kisichopitisha gesi, ama sivyo ingalikwisha kupanda na kupotea hewani zamani. Huko Groningen gesi ilitoka katika matabaka ya makaa ya mawe yaliyo chini zaidi, ikapanda, ikaingia katika mwamba wa mchanga, ikazuiwa na tabaka nene la chumvi lililo juu yake.

NJIA YA KWANZA: KUUPIMA MWAMBA

Njia ya kwanza ya kukadiria ni kupima ukubwa wa mwamba na kuhesabu nafasi zilizomo. Mambo matano yanatakiwa: eneo la mwamba, unene wake, sehemu iliyo nafasi tupu, sehemu ya nafasi hizo iliyoshikwa na gesi wala si maji, na kiasi ambacho gesi itapanuka ikifika juu.

Eneo na umbo la mwamba hutafutwa kwa mwangwi. Mafundi hulipua baruti kidogo shimoni, au hutumia malori mazito yenye kutikisa ardhi, kisha husikiliza kwa vyombo vilivyotandazwa juu ya nchi. Mtikisiko hushuka, hugonga tabaka hili na lile, na kurudi juu. Kwa kuhesabu muda uliopita kabla ya mwangwi kurudi, mabingwa huchora ramani ya matabaka yaliyo chini, wakaona mahali mwamba ulipoinuka kama mgongo wa chungu kilichofunikwa. Hapo ndipo gesi hupenda kukusanyika.

Lakini mwangwi hauwezi kusema kwa hakika kilichomo ndani ya mwamba. Kwa hiyo huchimbwa kisima. Vipande vya mwamba hutolewa na kupelekwa maabara, ambako nafasi zake hupimwa. Kadhalika vyombo vya kupimia huteremshwa kisimani kwa waya. Kazi hii ya kupima kwa umeme ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, lakini gesi haipitishi; kwa hiyo, mwamba unapouzuia umeme, yaweza kuwa dalili kwamba ndani ya vitundu mna gesi au mafuta. Kwa njia hii hujulikana pia mahali ambapo gesi hukoma na maji huanza, kwa maana chini ya gesi mara nyingi kuna maji.

Hata katika sehemu yenye gesi, maji hayakosekani. Kila chembe ya mchanga huvikwa utando mwembamba wa maji usiobanduka. Kwa sababu hiyo, katika kila nafasi 100, labda 75 tu ndizo zenye gesi.

La mwisho ni kupanuka. Chini kabisa gesi imesongwa kwa nguvu kubwa, ambayo mafundi huiita presha. Huko Groningen presha ya mwanzo ilikuwa kama mara 340 ya presha ya hewa ya kawaida. Gesi iliyosongwa hivyo ikifika juu hufunguka, na mita moja ya ujazo ya chini huwa mita mia mbili au zaidi.

MFANO WA HESABU

Tuseme upo mwamba, wa mfano tu, wenye urefu wa kilomita 10 na upana wa kilomita 5. Unene wake ni mita 20. Nafasi zake ni 20 kwa mia. Katika nafasi hizo 75 kwa mia zina gesi. Na gesi ikifika juu hupanuka mara 200. Hesabu yake itakwenda hivi:

Eneo: mita 10,000 mara mita 5,000 ni mita za mraba milioni 50.

Mwamba wote: milioni 50 mara mita 20 ni mita za ujazo milioni 1,000.

Nafasi zilizomo: 20 kwa mia ya milioni 1,000 ni milioni 200.

Nafasi zenye gesi: 75 kwa mia ya milioni 200 ni milioni 150.

Gesi ikifika juu: milioni 150 mara 200 ni milioni 30,000, yaani mita za ujazo bilioni 30.

Hesabu ni rahisi, na mtoto wa shule anaweza kuifanya. Ugumu wake uko katika kujua kama tarakimu zilizoingizwa ni za kweli. Tuseme unene si mita 20 bali ni 15, nafasi si 20 kwa mia bali ni 17, na sehemu yenye gesi si 75 bali ni 70. Kila kosa laonekana dogo. Lakini hesabu ikirudiwa, jawabu si bilioni 30 tena. Ni kama bilioni 18. Na kama makosa yalikuwa upande wa pili, yaani unene ni mita 25, nafasi ni 23 kwa mia, na gesi ni 80 kwa mia, jawabu ni bilioni 46. Makosa madogo matatu, yakizidishwa moja kwa jingine, yametofautisha majawabu kwa bilioni 28, karibu sawa na kadirio lenyewe la mwanzo.

Ndiyo maana mabingwa waangalifu hawatoi tarakimu moja. Hutumia mashine za kuhesabu kurudia hesabu hiyo maelfu ya mara, kila mara kwa tarakimu tofauti zinazowezekana, kisha hutoa makadirio matatu: la chini, la kati na la juu. Kwa desturi, kadirio la chini ni lile ambalo, katika nafasi 100, kuna nafasi 90 kwamba gesi iliyopo itakifikia kiasi hicho au kukipita. La kati lina nafasi 50, na la juu lina nafasi 10 tu. Mwenye kukopa fedha kwa kutegemea kadirio la juu ni kama mtu anayekopa kwa kutegemea mavuno ya mwaka ule ambao mvua haikukosea hata siku moja.

KWA NINI SLOCHTEREN ILIKUWA IKIKUA

Sasa msomaji atafahamu yaliyotokea Uholanzi. Kisima ni tundu jembamba. Kisima kimoja chaweza kuonyesha unene wa mwamba na nafasi zake mahali hapo, lakini hakiwezi kuonyesha mwamba umeenea mpaka wapi. Mwenye busara huhesabu kwanza kile tu kilicho karibu na kisima chake.

Visima vingine vilipochimbwa, kimojawapo karibu na mji wa Delfzijl, vilikuta gesi ya namna ile ile katika mwamba ule ule. Yale yaliyodhaniwa kuwa maghala mbalimbali yalionekana kuwa ghala moja kubwa. Kila kisima kipya kiliusogeza mpaka mbele, hata ikajulikana kwamba hazina hiyo imeenea katika eneo la kilomita za mraba karibu 900. Wale waliotaja bilioni 60 hawakuwa wajinga. Walihesabu kile ambacho ushahidi wao uliwaruhusu kuhesabu.

NJIA YA PILI: KUSIKILIZA PRESHA

Mwamba ukisha kuanza kutoa gesi, iko njia ya pili, ambayo haitegemei ramani. Mtu mwenye mtungi wa gesi anaweza kutumia kipimo cha presha kujua kiasi kilichobaki, ikiwa ndani mna gesi tupu na si kimiminiko. Kama nusu ya gesi imetoka, presha itakuwa imeshuka kama nusu. Kanuni hii hutokana na kazi ya Robert Boyle, ambaye mwaka 1662 alieleza kwamba gesi ikisongwa katika nafasi ndogo zaidi, huku joto likiwa lile lile, presha yake hupanda kwa kadiri hiyo.

Mwamba wenye gesi waweza kupimwa vivyo hivyo. Tuseme presha ya mwanzo ilikuwa 200. Baada ya kutolewa gesi bilioni 3, kisima kikafungwa mpaka presha ikatulia, ikapimwa, ikawa 180. Basi gesi bilioni 3 imeshusha presha kwa sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo sehemu zote kumi ni bilioni 30. Vipimo vya miaka mbalimbali vikitiwa katika mchoro, alama zake hupangika katika mstari ulionyooka unaoshuka, na mahali mstari huo utakapofika chini kabisa ndipo penye jumla ya gesi iliyokuwamo.

Mambo mawili hutakiwa kuangaliwa. La kwanza, gesi iliyosongwa sana haifuati kanuni ya Boyle sawasawa. Johannes van der Waals, bingwa wa Kiholanzi, alionyesha mwaka 1873 kwamba chembe za gesi zina ukubwa wake zenyewe na tena huvutana. Kazi yake ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Kwa hiyo presha hurekebishwa kabla ya kutiwa katika mchoro.

La pili ni maji. Ghala la gesi likizungukwa na maji mengi, maji hayo huingia mahali gesi ilipotoka na kuizuia presha isishuke. Mtu asiyejua ataona presha imekaa juu, akadhani gesi bado ni tele, kumbe ni maji yanayoisukuma. Katika hali hiyo njia ya pili huonyesha gesi nyingi kupita iliyopo, mpaka siku maji yenyewe yanapotokea kisimani.

Kwa sababu hizo njia hizi mbili hutumiwa kusahihishana, kama mashahidi wawili mbele ya hakimu. Ya kwanza hutazama mwamba, ya pili hutazama presha. Zikikubaliana, kadirio lina nguvu. Zikihitilafiana, mabingwa hutafuta sababu: labda kuna maji, au labda ufa mkubwa umeugawa mwamba, na upande mmoja hauwasiliani na mwingine. Hata hivyo, njia ya pili ina upungufu mmoja: haiwezi kutumiwa kabla ya gesi kutolewa. Maamuzi makubwa ya fedha mara nyingi hufanywa mapema, wakati shahidi wa kwanza yuko peke yake.

GESI ILIYOPO NA GESI ITAKAYOTOLEWA

Jambo linalowachanganya watu wengi ni kwamba gesi iliyopo ardhini si sawa na gesi itakayotolewa. Presha ikishuka sana, gesi hushindwa kupanda, au gharama ya kuivuta hupita bei yake. Katika mwamba mzuri usio na maji mengi, robo tatu ya gesi au zaidi yaweza kutolewa. Maji yakiingia upesi, gesi nyingi hunaswa humo isiweze kutoka. Katika mfano wa juu, ikiwa 80 kwa mia yaweza kutolewa, basi gesi ya kuuza si bilioni 30 bali ni 24.

Tena, neno akiba hutumiwa kwa gesi ambayo imegunduliwa, yaweza kutolewa kwa ufundi uliopo, na kuitoa kuna faida. Sharti lolote likikosekana, gesi ipo, lakini si akiba.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mifano ya tofauti hiyo. Gesi ya Songo Songo, katika bahari ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikaachwa kwa kuwa ilionekana haina faida. Ilipofika mwaka 2004 ndipo ilipoanza kupelekwa kwa bomba Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Gesi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni haja ya watu, bei na mipango. Huko Kenya, kisima cha Mbawa kilichochimbwa baharini mwaka 2012 kilikuta gesi, lakini haikuonekana kuwa yafaa kuchimbwa kwa biashara.

Tangu mwaka 2010 gesi nyingi zaidi imegunduliwa katika bahari yenye kina kirefu ya Tanzania, na tarakimu inayotajwa kwa nchi nzima ni futi za ujazo trilioni 57.54. Hiyo ni kama mita za ujazo bilioni 1,630, zaidi ya nusu ya ile iliyokuwako Groningen. Lakini msomaji na aangalie: tarakimu hiyo ni ya gesi iliyopo ardhini, si ya gesi itakayofika juu, wala si ya fedha zilizo benki. Zaidi ya miaka kumi baada ya ugunduzi wa kwanza, gesi hiyo ya kina kirefu ilikuwa bado haijaanza kuuzwa.

MAAMUZI YALIYOTEGEMEA TARAKIMU

Huko Uholanzi kadirio lilipokuwa likipanda, liliigeuza nchi nzima. Mabomba yalitandazwa mpaka majumbani, na kufikia mwaka 1968 kazi kubwa ya kuwapa watu majiko na vyombo vya kutumia gesi hiyo ilikuwa imekwisha. Mwezi wa Desemba 1965 serikali ilitangaza kwamba migodi ya makaa ya mawe ya Limburg, kusini mwa nchi, itafungwa. Wa mwisho ulifungwa mwaka 1974, na maelfu ya wachimbaji wakalazimika kutafuta kazi nyingine. Wakati huo wengi waliamini kwamba nguvu za atomiki zingeifanya gesi kuwa kitu rahisi, kwa hiyo walitaka iuzwe upesi, hata kwa nchi za jirani. Kiasi cha gesi walikuwa wamekikadiria; thamani yake ya kesho hawakuikadiria sawasawa. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, serikali iligeuza mwendo: ikahimiza kampuni zichimbe kwanza maghala madogo, na ghala kubwa la Groningen liwekwe kwa siku za haja.

Lilikuwako pia jambo ambalo halikuandikwa katika hesabu za mwanzo. Gesi ikitoka, presha hupungua, na mwamba uliokuwa ukisaidiwa na presha hiyo huanza kubonyea chini ya uzito wa ardhi iliyo juu yake. Ardhi ya Groningen ilishuka polepole. Tangu mwaka 1991 matetemeko madogo ya ardhi yalianza kuandikwa katika eneo la ghala hilo. Tarehe 16 Agosti 2012, karibu na kijiji cha Huizinge, lilitokea tetemeko lenye nguvu ya 3.6, kubwa kupita yote yaliyotangulia hapo. Kwa kuwa matetemeko hayo hutokea karibu na uso wa nchi, yalipasua kuta za maelfu ya nyumba zilizojengwa kwa matofali, na watu wakaishi kwa hofu na madai kwa miaka mingi.

Uchunguzi wa Bunge la Uholanzi, uliotoa taarifa yake mwaka 2023, ulionyesha kwamba serikali ilikuwa imepata kama yuro bilioni 363 kutokana na gesi hiyo, na kwamba usalama wa wenyeji haukupewa uzito uliostahili. Tarehe 1 Oktoba 2023 utoaji wa gesi ulisimamishwa, na mwezi wa Aprili 2024 sheria ilipitishwa ya kulifunga ghala hilo daima.

Ardhini zimebaki mita za ujazo karibu bilioni 450 ambazo zingaliweza kutolewa kwa ufundi uliopo. Kiasi hicho ni zaidi ya mara saba ya kadirio lote la mwaka 1960. Hakuna presha iliyowazuia watu kuitoa, wala bei. Ilizuiwa kwa sababu ya watu wanaoishi juu yake. Hivyo tarakimu ya mwisho ya gesi ya Groningen haikuamuliwa na vitundu vya mwamba peke yake. Nyumba zilizo juu ya ardhi nazo ziliingia katika hesabu, ijapokuwa zilichelewa kuhesabiwa.

MASWALI MANNE YA MSOMAJI

Habari za ugunduzi wa gesi huandikwa magazetini mara kwa mara, na tarakimu kubwa hupendeza masikioni. Si lazima msomaji awe bingwa wa miamba ili azipime habari hizo. Na aulize maswali manne.

La kwanza: tarakimu hii ni ya gesi iliyopo ardhini, au ni ya gesi inayotazamiwa kutolewa?

La pili: ni kadirio la chini, la kati au la juu?

La tatu: limetokana na nini? Ni mwangwi tu, au kuna visima, na vingapi? Na kama gesi imekwisha kutolewa, je, presha inakubaliana na ramani?

La nne: ni nani wanaokaa juu ya mwamba huo, na ni nani aliyehesabu yatakayowapata gesi itakapotoka?

Kadirio lisilo na majibu ya maswali hayo ni tumaini lililovikwa nguo za hesabu. Lenye majibu, hata kama tarakimu yake ni ndogo, ni daftari ambalo nchi yaweza kulitegemea wakati wa kujenga, kukopa na kuahidi.